Ng'ombe mmoja, maswali matatu: kuanza kufundisha sosholojia, saikolojia na anthropolojia

Swali: Nafundisha mwaka wa kwanza chuoni hapa Dodoma, darasa la wanafunzi 40. Fasili za sosholojia, saikolojia na anthropolojia wanazikariri vizuri, lakini nikiwapa tukio moja hawajui nani achunguze nini. Nianzeje?

Jibu: Mwalimu, fasili ziache hadi wiki ya pili. Zote tatu zinamtaja binadamu, ndiyo maana zinawachanganya. Taaluma hizi zinaachana kwenye swali linaloulizwa na ushahidi unaokubalika. Chukua jambo wanalolijua, kwa mfano kuuza ng'ombe mnadani Msalato, ulichunguze mara tatu, kila mara kwa swali la taaluma moja.

Anza na saikolojia, kwa kuwa jaribio lake linaisha ndani ya kipindi. Bandika ubaoni picha ya ng'ombe mmoja. Andaa vikaratasi 40. Ishirini viulize: "Bei yake ni zaidi au pungufu ya shilingi 300,000?" Ishirini vingine viulize hivyohivyo, ila kwa 3,000,000. Chini ya vyote andika: "Wewe unakadiria bei gani?" Vichanganye kama karata, gawa, wajibu kimya. Kisha panga makadirio ya kila kundi kuanzia dogo, chukua la 10 na la 11, tafuta wastani wa hayo mawili. Kwa kawaida kundi la milioni tatu hutaja bei ya juu zaidi, ingawa ng'ombe ni yuleyule. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilieleza hili mwaka 1974: namba iliyotangulia kusikika huvuta kadirio upande wake.

Usigawe kwa safu za viti. Marafiki hukaa pamoja, na watoto wa wafugaji wakijazana upande mmoja hutajua kama tofauti imeletwa na kikaratasi au na uzoefu wa nyumbani. Kosa hili ndilo linaloharibu majaribio mengi ya darasani, kwa hiyo litolee muda.

Kwa sosholojia, kila mmoja aandike bila jina nani kwao huamua mfugo uuzwe, na kama kaya iko mjini au kijijini. Hesabuni pamoja. Sasa mnatafuta mpangilio unaojirudia katika kaya nyingi. Waonye kwamba wao 40 hawawakilishi Dodoma nzima: ni wale tu waliofika chuoni.

Anthropolojia haitoshi kwenye kikaratasi. Kila mwanafunzi akaongee na mzee mmoja, kwa ridhaa yake, mara mbili kwa siku tofauti: ng'ombe gani zizini hauzwi hata shida ikibana, na kwa nini? Mwanaanthropolojia Peter Rigby, ambaye kitabu chake kuhusu Wagogo kilitoka 1969, alionyesha jinsi ng'ombe wanavyofungamana na undugu. Bei peke yake haielezi hilo.

Daftari la mazungumzo hayo ligawanywe kwa mstari. Kulia ni anachodhani mwanafunzi: "Mzee alikasirika." Kushoto ni alichokiona na kukisikia: "Alinyamaza, akachora chini kwa fimbo, akasema, huyo ni wa mjomba." Sahihisha upande wa kushoto kwanza. Ukikuta humo "alikasirika", mrudishie daftari, umuulize aliona nini.