Dinosaria mwekundu, silakanti wa buluu: maswali yenu ya rangi

Safari hii karibu barua zote zimetoka kwa wachoraji wa wanyama, walio hai na waliokwisha kutoweka. Nimezikata urefu. Salamu zenu zote zimefika.

Nafundisha chekechea Barani, hapa Malindi. Nimechora dinosaria ukutani kwa nyekundu, njano na kijani. Mzazi mmoja amenijia juu, asema hakuna ajuaye rangi zao na mimi nawadanganya watoto. Nipake upya?

Subiri kwanza, Mwalimu. Mzazi wako angekuwa na haki kabla ya 2010. Mwaka huo watafiti walichungulia kwa hadubini ya elektroni manyoya ya Sinosauropteryx, dinosaria mdogo wa China, wakakuta ndani ya kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vijifuko vya rangi viitwavyo melanosomu. Kwa ndege wa leo, vijifuko virefu hubeba weusi, na vya mviringo hubeba wekundu wa kutu. Yule bwana alikuwa na vya mviringo, vimejipanga pete kwa pete: mkia wa hudhurungi nyekundu wenye mikanda myeupe. Mwaka huohuo Anchiornis, dinosaria mwingine mwenye manyoya, naye akajulikana: mwili wa kijivu na weusi, mabawa meupe yenye ncha nyeusi, kishungi chekundu. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Microraptor, mweusi wa kurudisha buluu akipigwa na jua, weusi uleule tunaouona kwa kunguru wetu kila asubuhi.

Ninayempenda zaidi ni Borealopelta wa Canada, aliyetangazwa 2017. Alikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na ngozi ya kivita, na bado mgongo wake ulikuwa wekundu wa udongo na tumbo lake la rangi nyepesi. Mpango huo ndio alio nao paa: jua linapiga juu, kivuli kinaangukia chini, rangi inavisawazisha na mnyama haonekani. Mnyama wa tani nzima akihitaji kujificha, basi jiulize alikuwa akimkimbia nani.

Kwa hiyo mwambie mzazi hivi: wachache tunawajua, na hao wachore walivyo. Waliobaki uko huru, ila wape kanuni: mgongo ukoze, tumbo lipauke, rangi kali iwekwe mahali pa kujionyesha kwa wenzake, kwa mfano kishungi, shingo au mkia. Dinosaria mwenye njano sawasawa kutoka pua hadi kucha hanikeri kwa njano yake. Hunikeri kwa sababu aliyemchora hakumfikiria anaishi wapi.

Halafu tazama chini ya miguu yao. Wa Jurasiki hawakukanyaga nyasi, na minazi haikuwapo. Wala usiniletee mivinje ya ufukweni eti yafanana na misonobari. Mvinje ni mti wa maua. Weka kangaga, saikadi (mimea ya kale ifananayo na mitende mifupi) na misonobari yenyewe.

Na kwa nini wote wawe wa Marekani? Tendaguru, mkoani Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, ana dinosaria mwenye jina lake, Australodocus bohetii, aliyepewa jina 2007. Kutoka hukohuko alitoka Giraffatitan, ambaye mifupa yake leo imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, kichwa kikiwa juu zaidi ya mita 13. Darasa lako halimwezi. Chora mguu mmoja wa mbele tu, uanzie sakafuni uishie darini, watoto wasimame kando yake wajipime. Mfupa wa juu wa mguu huo peke yake unapita mita 2.

Mamangu, hapa Langoni, Lamu, asema kuchora chenye roho hakufai. Wewe wasemaje?

Mimi mtu wa brashi, mwanangu, si mtu wa fatwa. Wanazuoni wamelijadili jambo hili tangu zamani na kauli zao si moja. Kaa na mwalimu wako umuulize, na usiende kubishana na mama kwa kulitaja jina langu. Ukiamua kumfuata, kazi haijakuishia: tazama milango ya Lamu na vidaka vya nyumba za kale, nakshi tupu, maua na majani yamepindana, ustadi wa karne bila jicho hata moja.

Nilimwona silakanti, yule samaki wa kale, kwenye Makumbusho ya Malindi. Ni kama kahawia, amechakaa. Nimchore hivyo? Babu yangu ni mvuvi Mayungu na asema hajapata kumwona baharini.

Usimchore hivyo. Huyo alinaswa 2001 na wavu wa kukokota, huku kwetu mbali na pwani ya Malindi, na silakanti akishakufa rangi yake haikai. Akiwa hai ni buluu iliyokoza, na juu ya buluu ile mabaka meupe yasiyo na umbo maalum, mfano wa chokaa iliyorushwa ukutani kwa ufagio. Wanafunzi wangu wote huanza kwa kuweka nukta za duara zilizopangana. Vunja mpangilio huo. Baka moja refu, la pili limemegeka, mengine mawili yameungana. Kila silakanti ana mabaka yake, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa hayo.

Buluu yenyewe usiitoe kwenye mkebe ukaipaka. Anza na nili, tia kahawia iliyoungua kidogo mno, ncha ya brashi, mpaka ukali upungue. Kisha mapezi: yana shina la nyama, yanatoka mwilini mithili ya viungo, na mkia una sehemu tatu, ya katikati ikichomoza kidogo. Ukikosea mkia umechora changu.

Babu hana kosa. Mchana samaki huyu hukaa kwenye mapango ya miamba, kina cha zaidi ya mita 100, na mshipi wa ngarawa haumfuati huko. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu na walidhani alikwisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 nyuma, mpaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona katika samaki walioletwa na meli ya uvuvi huko Afrika Kusini.

Sasa amua mwanga. Wekundu wa jua ndio unaokufa kwanza majini, kisha njano, na kinachofika chini ni buluu hafifu. Waweza kumchora kana kwamba amemulikwa na tochi ya mzamiaji, rangi zote zikatoka. Au mchore alivyo kule: giza ndani ya giza, mabaka peke yake ndiyo yanayoonekana. Mimi napenda ya pili. Inayouzika ni ya kwanza.

Nauza picha kwa watalii Shela, mtindo wa Tingatinga. Wakati wa mvua rangi inanata siku nyingi. Na mteja mmoja kaniambia simba wa zambarau ni upuuzi.

Tuanze na simba. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam 1968 kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, na 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Miaka minne tu, na mpaka leo pwani nzima inakula kwa mkono wake. Katika mtindo ule rangi hupangwa ili mnyama achomoze kwenye mandhari yake, basi zambarau juu ya njano ni halali kabisa. Lakini tazama tena picha yako kwa jicho la mteja. Mara nyingi mtu akilalamikia rangi, kilichomkera ni umbo: simba ana miguu ya mbwa, au kichwa kimebandikwa bila shingo. Umbo likikaa sawa, hata simba wa kijani hupita.

Kunata ni unene. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani. Ukiipaka nene, juu inafunga ngozi na chini inabaki mbichi, na ubaridi na unyevu wa masika huzidisha. Paka nyembamba, mara mbili au tatu. Acha kuchanganya mafuta ya taa, yanaacha utelezi, tumia tapentaini.

Mwanangu wa miaka tisa ataka kumchora Simbakubwa, yule mnyama wa kale aliyekwisha kutoweka. Nimtilie nywele za shingoni kama simba?

La. Jina kamili ni Simbakubwa kutokaafrika, lakini si simba wala si paka. Ni wa ukoo uliokwisha kabisa, wa wala nyama wenye meno ya kukatia hadi nyuma ya taya. Aliishi magharibi ya Kenya zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na mabaki yake yalikaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi mpaka akapewa jina 2019. Kilichopatikana zaidi ni taya na meno, kwa hiyo mtoto aanze na kichwa: kikubwa kuliko mwili unavyostahili, pua ndefu, chonge nene. Rangi ya manyoya ni ya kwake. Akitaka milia, mwache.

Nataka kumchora sengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya dhahabu. Njano yangu inatoka chafu.

Kwa sababu unaipaka juu ya hudhurungi. Paka eneo lile jeupe kwanza, likauke kabisa, kisha njano nyembamba juu yake. Weupe wa chini ndio utakaoing'arisha. Mwili ni hudhurungi nyekundu, miguu myeusi, mkia mweusi wenye sehemu nyeupe kuelekea nchani. Nenda magofu ya Gede asubuhi mapema, ukae kimya, utamsikia kwenye majani makavu kabla hujamwona. Jambo moja la kukumbuka ukiwa unachora: ngozi iliyo chini ya dhahabu ile ni nene kuliko kwingine mwilini, kwa hiyo lile eneo libebe uzito kidogo.

Nyumba yetu ya mawe iko Mkomani, Lamu. Nilichora kasa na nguva ukutani kwa emalshani, ile rangi ya maji yenye plastiki. Mwaka haujaisha, rangi inabanduka kama magamba.

Ukuta wa matumbawe unanyonya maji ya ardhini, na maji yale yana chumvi. Zamani ulipakwa chokaa, ukapumua. Wewe umeuvika plastiki. Unyevu ukikosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Kwangua yote. Chumvi ifagie kwa brashi kavu, maana ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Ziba kwa chokaa na mchanga, usilete saruji, na uache ukauke mpaka uchoke kungoja.

Kisha chora kwa chokaa iliyotiwa rangi ya unga: oksaidi nyekundu, njano ya udongo, nili. Buluu ya Prussia iepuke, chokaa inaiua. Sehemu ya chini ya ukuta, ambako unyevu hupanda, iache nyeupe. Na nguva mtengenezee mkia. Uliyemchora ana mkia wa duara, na huyo ni binamu yake wa Atlantiki. Wa kwetu mkia wake umegawanyika pande mbili, kama wa pomboo.