Kabla ya penseli, vidole vipewe kazi

Mhariri, salamu. Swali lenu la juma hili lilikuwa: mtoto wa miaka 4 aanze kufundishwa kusoma na kuandika, au aachwe acheze kwanza? Nafundisha darasa la awali hapa Tanga, na kila Januari nawapokea watoto waliokwisha kujaza madaftari kwa a, e, i, o, u. Penseli wameikamata kwa ngumi, bega limepanda, karatasi imetoboka. Wapo na wengine ambao penseli hawaijui, ila wamekulia uani wakipukuchua mahindi na kumenya karanga pamoja na bibi zao. Mara nyingi hao wa uani ndio wanaonipa kazi nyepesi.

Kwa hiyo nasema acheze. Lakini wazazi wasidhani kwamba kucheza ni kuachwa tu.

Kuandika ni kazi ya misuli midogo ya vidole ikiongozwa na macho, na misuli hiyo ina wakati wake. Mtoto wa miaka 3 huweza kuiga duara. Msalaba huja karibu na miaka 4, mraba baada ya hapo, na pembetatu wengi huiweza wakifika miaka 5, kwa sababu mstari wa mshazari ni mgumu kuliko uliosimama au uliolala. Itazameni herufi k, kisha mniambie kama ni haki kumchapa mtoto wa miaka 4 kwa kuikosea.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni mdako. Mtoto anachimba kishimo, anajaza vijiwe, anarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka anavuta vingine kutoka shimoni, kisha anakidaka. Jicho linafuata jiwe, mkono unafanya kazi bila kutazamwa, halafu vyote viwili vinakutana hewani. Mdogo wa miaka 4 hawezi bado. Mpeni jiwe moja tu, arushe na kudaka kwa mikono miwili. Kuchambua mchele kwenye ungo nako kunafaa sana: jicho linatafuta chenga na kijiwe, kidole gumba na cha shahada vinakiokota. Aliye chini ya miaka 3 asipewe karanga, maharage wala komwe, maana humkaba. Simu haina nafasi katika orodha yangu. Kioo hakina uzito wala ugumu wa kushindana na kidole.

Chaki au penseli ikiwa fupi, ya urefu wa kidole chake mwenyewe, ni bora kuliko ndefu: haina pa kushikwa kwa ngumi, kwa hiyo vidole vitatu vinaingia mahali pake vyenyewe. Na achore ukutani kwa mkaa au chaki, kama mwenye nyumba ni mwelewa, kwani kuchora juu ya kitu kilichosimama kunaimarisha kifundo cha mkono.

Hata hivyo, mdako haumfundishi mtu kusoma. Nalisema hili kwa sababu nawasikia wenzangu wakiahidi kwamba mtoto akidaka vizuri atasoma vizuri. Atakachopata ni mkono wa kuandikia na subira ya macho. Kusoma kunaanzia masikioni, na hapa Kiswahili kimetupendelea: irabu ni tano tu, silabi karibu zote zinaishia na irabu, na herufi inasomwa inavyoandikwa. Pigeni makofi pamoja na mtoto: ma-ma, makofi mawili. Ng'o-mbe, mawili. M-to-to, matatu, maana ile m inasimama peke yake. Baada ya hapo mwulizeni ni nini kingine kinaanza na ma. Akisema maji, maziwa, maandazi, huyo yuko tayari kuonyeshwa m na a zikikaa pamoja, na mwonyesheni kwa sauti yake, mmm, si kwa jina la herufi. Aiandike mchangani kwa kidole huku akiitamka. Herufi iliyopita mkononi hukaa kichwani kuliko iliyotazamwa tu.

Jicho, kidole na sauti hukutana pale mnaposoma hadithi pamoja na kidole kikitembea chini ya maneno, kushoto kwenda kulia, kisha kurudi mwanzo wa mstari wa chini. Watoto wetu hukwama mahali pamoja: maneno yetu ni marefu. Mtoto aliyekariri sentensi "Tunawapenda kuku wetu" huanza kutamka tu-na-wa-pe-nda na kwa kila silabi kidole kinaruka neno zima, hadi kinaishiwa na mstari wakati mdomo bado uko kwenye "tunawapenda". Wazazi hucheka au hukemea. Msifanye hivyo. Mrudisheni polepole, kidole kibaki chini ya neno hilo hilo mpaka liishe. Siku kidole na mdomo vinapofika mwisho pamoja, mtoto ameelewa neno ni nini, na kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko kukariri herufi zote.

Mawili yaliyobaki nawaomba wazazi kwa dhati. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe wa kulia. Akae upande wa kushoto wa dawati ili asigongane viwiko na mwenzake, na karatasi yake iinamishwe kidogo kuelekea kulia. Na anayesogeza kitabu hadi puani, au anayefumba jicho moja na kuinamisha kichwa ili aone, apelekwe kliniki ya macho kabla hajaitwa mzito. Kuchanganya b na d katika miaka 5 au 6 ni jambo la kawaida; hilo halihitaji daktari wala fimbo.