Pinner ni kijiji au ni mji?

Ndugu yangu, umeuliza kama Pinner, ulioko kaskazini-magharibi mwa London, ni kijiji au ni mji. Kiutawala ni sehemu ya London, katika wilaya ya Harrow, lakini ukishuka garimoshi la njia ya Metropolitan utadhani umefika shamba. Stesheni ilifunguliwa mwaka 1885, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni tanzu ya reli hiyo ilianza kujenga na kuuza nyumba kandokando ya njia yake, ikiwavuta watu wa maofisini waliotaka bustani bila kuacha kazi za mjini. Ndiyo maana mitaa mingi imejaa nyumba pacha zinazogawana ukuta mmoja, kila moja na ua wake wa michongoma uliokatwa sawasawa. Asubuhi utaona watu wakielekea stesheni kimyakimya; mchana hubaki wazee, mbwa na vigari vya watoto.

Barabara kuu ya zamani ndiyo inayonivutia zaidi, kwa kuwa inapanda kilima kati ya nyumba za mbao zilizotangulia reli kwa karne kadhaa, hadi kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ambako uwanjani kuna kaburi la ajabu lenye jeneza la mawe lililopenya mnara wa umbo la kabari na kuning'inia hewani. Ukimya huo, hata hivyo, huvunjwa siku moja kila mwaka na gulio lililoidhinishwa na mfalme Edward III mwaka 1336.