Uwanja aliomalizia mbio Akhwari si Azteca: usilipe kabla jina halijaandikwa

Usilipe hizo dola 70. Umeandika kwamba utakuwa Mexico City kwa siku mbili na wanao, kwamba unataka wauone uwanja ambao John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Tanzania, alimalizia marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968 huku akichechemea, na kwamba wakala aliyeweka meza kwenye hoteli yako amekuahidi ziara ya "uwanja wa kihistoria wa Olimpiki" kwa basi dogo lenye kiyoyozi. Maneno hayo nayafahamu mpaka nukta yake ya mwisho, kwa sababu mwaka 2019 niliuziwa yaleyale, hata kiyoyozi kilitajwa, na uwanja niliopelekwa ulikuwa Azteca, uwanja mkubwa wa soka wa jiji hilo. Akhwari hakumalizia mbio zake Azteca. Alizimalizia katika Estadio Olímpico Universitario, uwanja wa chuo kikuu cha taifa, UNAM, uliofunguliwa mwaka 1952, na viwanja hivyo viwili vyote viko kusini mwa jiji, umbali usiofika hata kilomita 10 baina yao. Ukaribu huo ndio unaowapa mawakala nafasi ya kutuchezea.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wakala wangu hakusema uongo ambao ningeweza kumshtakia. Azteca ilifunguliwa mwaka 1966, na katika Olimpiki ya 1968 mechi za soka zilichezwa pale, fainali ikiwa mojawapo, Hungaria ilipoifunga Bulgaria mabao 4 kwa 1. Kwa hiyo nilipomuuliza, "Huu ndio uwanja wa Olimpiki ya 1968?", alijibu "Ndiyo" bila kupepesa macho, akachukua fedha, akanipa kikaratasi cha rangi kisichokuwa na jina la uwanja wowote, nami nikakikunja kwa heshima kama cheti cha ndoa. Swali langu lilikuwa bovu. Lakini mtu ambaye umemsimulia kwa dakika kumi habari za Mtanzania aliyeanguka, akaumia goti na bega, akaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, anajua vizuri kabisa unatafuta nini. Yule bwana alijua. Alitikisa kichwa kwa huzuni nilipofika kwenye bendeji ya mguu, na bado akanipandisha kwenye basi la Azteca.

Sasa nikueleze aibu yenyewe, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Tulipofika pembeni mwa nyasi niliona jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliona: hapakuwa na njia ya kukimbilia. Majukwaa yanashuka mpaka karibu na uwanja wa mpira, na hakuna mahali ambapo mwanariadha angezunguka. Badala ya kujiuliza, nilijipa jibu mwenyewe kwamba bila shaka waliiondoa ili kuongeza viti. Kisha nikatoa kitambaa changu cha mfukoni, nikajifunga gotini juu ya suruali, nikamwomba mtalii mmoja mwenye kofia anishikie simu, nikatembea hatua kama ishirini nikichechemea huku nimeinua bendera ndogo ya Tanzania niliyoibeba kutoka Dar es Salaam. Nilitokwa na machozi ya kweli, na sitaki mtu anicheke kwa hilo, kwa kuwa machozi yalikuwa sahihi. Anwani ndiyo iliyokosewa. Video niliituma papo hapo kwenye kundi la ukoo. Baba mdogo, ambaye mwaka 1968 alikuwa kijana, alijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, akinishukuru kwa kuwafikishia wazee mahali hapo.

Ndipo nikamwuliza mtembezaji wetu, binti mpole aliyezungumza Kiingereza safi, ni lango lipi alilopitia Akhwari. Alinitazama, akatazama kitambaa, akanitazama tena. Akasema kwa upole kwamba hapa Pelé alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1970, na hapa Maradona aliwafunga Waingereza mabao yale mawili mwaka 1986, moja kwa mkono, lakini riadha yote ilifanyika kule chuo kikuu. Nilifungua kitambaa taratibu kama mtu anayetoa kibanzi mguuni. Nikiri kwamba kwa mpenzi wa soka Azteca ni ziara tosha kabisa, na ningekuwa nimeifuata Azteca ningeondoka nimeridhika.

Ziara ilikwisha saa kumi jioni. Nilichukua teksi, tukakwama kwenye foleni iliyonikumbusha Ubungo ya zamani, na nilipofika chuoni jua lilikuwa linazama na milango imefungwa. Ndege yangu ilikuwa ya alfajiri. Kwa hiyo uwanja niliosafiri kuvuka bahari kwa ajili yake niliuona kwa nje, nikiwa nimeshika uzio. Nilichopata ni mchoro wa Diego Rivera uliojengwa ukutani kwa mawe yenye rangi zake za asili: wazazi wawili wanamkabidhi mtoto njiwa wa amani, na pembeni wanariadha wawili, mwanamume na mwanamke, wanawasha mwenge. Mwanga ulipopungua, mawe yale yaliendelea kuonekana kwa vivuli vyake, kwa kuwa yamechomoza ukutani. Nyuma ya ukuta ule, umbali ambao ningeweza kurusha chungwa, ndipo mahali ambapo tarehe 20 Oktoba 1968 Mkenya Kipchoge Keino alimwacha Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500, na jioni ya siku hiyohiyo Akhwari akamaliza mbio zake kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mtu wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Ndipo pia Mkenya Naftali Temu alipochukua dhahabu ya mita 10,000, na Mmarekani Bob Beamon akaruka mita 8.90 katika kuruka kwa urefu. Yote hayo mahali pamoja, nami niko nje ya uzio na kitambaa mfukoni.

Kwa hiyo usimwulize mtu kama uwanja ni "wa kihistoria" au "wa Olimpiki", kwa sababu mji mkubwa hauna uwanja mmoja wa historia. Anza na tukio: nani, mchezo gani, tarehe gani. Tukio ndilo likupe jina kamili la uwanja, na jina hilo liandikwe kwenye stakabadhi kwa mkono wa anayepokea fedha, pamoja na maneno kwamba mtaingia ndani. Asiyetaka kuliandika amekwisha kukujibu.

Usafiri ni rahisi na hauhitaji wakala: Metrobús, yaani mabasi ya mwendokasi, ya njia ya 1 inapita barabara ya Insurgentes, na uwanja uko kando ya barabara hiyohiyo. Ikiwa mojawapo ya siku zako mbili ni Jumapili, angalia ratiba ya Pumas, timu ya soka ya chuo, ambayo kwa desturi hucheza nyumbani saa sita mchana; tiketi ya mechi inakuingiza ndani bila kumbembeleza mtu. Wanao watembee polepole, kwa kuwa jiji liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Uliuliza pia kuhusu chakula na jezi, lakini siku ile sikula na sikununua kitu, nilikuwa na hasira.

Baba mdogo bado hajui. Kila mgeni akija anaonyeshwa video ile, na yeye huisimamisha pale kwenye kitambaa. Shuka sasa hivi kwenye ile meza ya hotelini, mwambie wakala akuandikie jina la uwanja, kisha weka hapa picha ya alichokiandika kabla hujatoa hata dola moja.