Jibu: Kwa nini mama anabanwa kifua Juni na Julai wakati kijijini hakuna kiwanda

Mkuu, pole kwa mama. Umeuliza inakuwaje abanwe kifua kila Juni na Julai huko kijijini Mbeya, kusiko na kiwanda wala magari mengi, halafu mvua zikishaanza apate nafuu. Mimi nimekulia bonde hilo hilo, kati ya safu ya milima ya Mbeya na ile ya Poroto, na bado naishi huko. Usitafute moshi mgeni. Moshi mwingi ni ule ule wa mwaka mzima, ila hewa inayoupokea ndiyo inayobadilika.

Miezi hiyo usiku mawingu hakuna. Jua likizama ardhi inapoteza joto haraka, na hewa iliyo karibu nayo inapoa. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo inateremka makorongoni usiku kucha na kujaa bondeni, huku juu yake kukibaki hewa yenye joto zaidi. Bonde linakuwa limefunikwa kama sufuria. Moshi wa jikoni unapanda kidogo, unagota kwenye mfuniko, unasambaa. Panda mlimani saa moja asubuhi uangalie chini: utaona utando wa kijivu umelala juu ya mabati, na hapo uliposimama hewa ni safi kabisa. Mpaka saa tatu au nne, jua likishapasha ardhi, ndipo unatawanyika.

Sasa angalia saa tunazowasha moto. Jioni kila nyumba inapika, alfajiri kila nyumba inachemsha maji. Ndizo saa za mfuniko! Ongeza matanuri ya matofali, ambayo huchomwa kiangazi kwa kuwa ndipo matofali hukauka, na yakishawashwa hayazimwi usiku. Kinachoumiza zaidi ni chembe ndogo zisizozidi maikromita 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mafiga ndani ya chumba kilichofungwa yanapita hapo mbali sana.

Septemba na Oktoba upepo wa mchana unasaidia, lakini unakuja na vumbi, na mashamba yanachomwa. Mapori ya miombo nayo yanaungua, ya kwetu na ya Zambia, ndiyo maana jua linazama jekundu na milima haionekani vizuri.

Mvua inaosha hayo yote, na mawingu yanazuia usiku usipoe sana. Ila chunguza jiko la mama hata masika: kuni zimelowa, mlango umefungwa kwa baridi, moshi wote unabaki ndani. Nje pasafi hapakuhakikishii kwamba ndani pako salama.

Ningekuwa wewe ningeanza na saa. Maharage yalowekwe, yachemshwe mchana moshi unapopanda, jioni yaungwe tu. Kuni zipasuliwe na kuwekwa darini au chini ya paa kabla ya mvua. Jiko lipate dohani, na mama asiwe yeye wa kuwasha moto alfajiri; akae ndani mpaka jua lichomoze vizuri. Mabua msichome kabisa. Mchana moshi ungepanda, ni kweli, lakini upepo wa mchana ndio unaokimbiza moto hadi msituni. Yaachwe shambani yaoze au wapewe ng'ombe.

Tanuri ni suala la serikali ya kijiji, na hapa naomba usinyamaze. Likijengwa juu ya makazi, upepo wa usiku unaoshuka mlimani unaleta moshi wake wote vitandani kwa watu. Liwe chini ya kijiji, mbali na nyumba za mwisho. Kwetu tulilipeleka mkutano mkuu wa kijiji na wachomaji walikubali bila ugomvi, maana watoto wao nao walikuwa wanakohoa.

Na kama kikohozi cha mama kimefika wiki mbili, mpeleke kituo cha afya apimwe kifua kikuu kwanza. Huku kwetu watu wengi husingizia baridi na moshi, na ugonjwa unaendelea kula mapafu.