Flashi imebaki shotikati tupu

SWALI: Asalaam aleykum fundi. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha mwani, Micheweni. Juzi nilipeleka flashi Chake Chake kuchapisha mihtasari ya vikao. Kurudi nyumbani naifungua, kila folda imekuwa shotikati (njia ya mkato tu, si folda yenyewe), ina kimshale pembeni. Kijana mmoja ananambia dawa yake ni kuifomati, yaani kuifuta yote ianze upya. Hesabu za wanachama za miaka 3 zimo humo. Nifanyeje?

JIBU: Waaleykum salaam Bi Katibu. Usiifomati, wala usimpe mtu akufomatie.

Gonga kitufe cha kulia cha kipanya juu ya flashi, chagua Properties, utazame nafasi iliyotumika. Ikiwa bado kuna nafasi kubwa iliyoliwa na wewe huoni ila vishotikati vya KB 1 au 2, basi faili zako zimo, zimefichwa tu. Hicho ni kirusi. Kimezitia folda alama ya kufichwa na alama ya mfumo, kisha kikaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, kirusi huamka kwanza, ndipo folda ifunguke, kwa hiyo mtu hashuku kitu. Na kwa sababu ya ile alama ya mfumo, hata ukiweka tiki kwenye Hidden items, ile ya kuonyesha vilivyofichwa, hutaziona.

Anza kwa kuisafisha flashi na antivirusi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, litafunguka dirisha la kuandikia amri. Kama herufi ambayo kompyuta imeipa flashi yako ni E, andika hivi, na nafasi baina ya maneno usiziruke, kisha bonyeza Enter:

attrib -h -s -r E:\* /s /d

Ngoja imalize, halafu ifungue flashi upya. Usishtuke ukikuta folda moja isiyo na jina, kikasha cha manjano na chini yake peupe. Wengi huipita wakidhani ni kasoro ya skrini, kumbe mara nyingi kila kitu kimehamishiwa humo.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa najifunza kazi pale Darajani, niliifomati flashi ya ustadhi mmoja yenye maradhi hayahaya. Mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake akisoma Kurani, na hakuwa na nakala nyengine. Baadaye ndipo nikajua kuwa ilikuwa imefichwa tu. Mpaka leo nikipewa flashi, sigusi kitu kabla ya kutazama Properties.

Ukishaziona hesabu, zinakili kwanza kwenye kompyuta safi, ndipo uzifute shotikati bila kuzifungua. Kompyuta yako ya nyumbani nayo ipige skani nzima, maana pengine ulibofya hapo. Na safari nyengine ya Chake chukua flashi yenye mihtasari peke yake. Hesabu za watu zibaki Micheweni.