Ukitaka kumtuza kijana mkimbizi, anza na kazi yake

Ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, simu za vijana wanaoongoza miradi makambini huanza kuita mfululizo. Wanahitajika jukwaani, waseme maneno mawili matatu, wapige picha na mgeni rasmi. Mwezi Julai simu zimenyamaza. Nimekaa kwenye kamati za uteuzi, na nimewasaidia vijana kujaza fomu za kuomba tuzo hizohizo, kwa hiyo naandika nikizijua pande zote mbili. Tuzo inayomfaa kijana ni ile inayomwachia nguvu ya kuendelea na kazi yake sherehe ikiisha. Kama taasisi yako inajiandaa kutoa tuzo ya aina hii, haya ndiyo ningekushauri.

Kwanza, itafute kazi, usitafute kisa. Muzoon Almellehan, msichana wa Syria, alipita hema kwa hema katika kambi ya Za'atari nchini Jordan akiwasihi wazazi wasiwaachishe binti zao shule. UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ilimteua kuwa balozi wake mwema mwaka 2017, wakati kazi hiyo alishaifanya kwa muda mrefu. Huko Kyangwali, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, vijana wakimbizi walianzisha shirika lao, CIYOTA, mwaka 2005 ili wenzao wasome, na hatimaye wakawa na shule yao. Naye Abdullahi Mire, Msomali aliyekulia katika kambi za Dadaab nchini Kenya, aliombwa kitabu cha baiolojia na msichana wa kambini. Akaanza kukusanya vitabu, na alipopewa Tuzo ya Nansen ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mwaka 2023, vilivyofika kambini vilikuwa vimefikia 100,000. Wote hao walikuwa kazini kabla mtu yeyote hajawapigia makofi.

Kazi ya namna hiyo haionekani vizuri kwenye fomu. Nakumbuka ombi moja la mistari michache, lenye makosa ya tahajia, ambalo baadhi ya wajumbe walitaka liwekwe kando. Tukakubaliana kwenda kuona, siku ya kawaida na bila kutangaza ugeni. Binti aliyeliandika alikuwa anafundisha akina mama kusoma. Nilimwomba daftari la mahudhurio. Mbele ya kila jina la mtu asiyefika alikuwa ameandika sababu: mtoto mgonjwa, foleni ya maji, mume amekataa. Safu ya mwisho ilikuwa na jina la mwanafunzi mwenzake atakayepita nyumbani kwa huyo mama jioni. Ukurasa baada ya ukurasa, hivyohivyo. Hakuna swali kwenye fomu yetu lililompa nafasi ya kuyaeleza hayo, na kwangu mimi daftari lile lilitosha.

Kwa hiyo pokea maombi kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu, na kwa lugha anayoimudu mwombaji. Usidai cheti cha usajili wala hesabu zilizokaguliwa kutoka kwa kikundi ambacho pengine hakiruhusiwi hata kujisajili. Waulize pia wanaohudumiwa na mradi: watamtaja kiongozi wao wa kweli haraka kuliko afisa yeyote.

Mkishamchagua, usimtake asimulie alivyokimbia. Akitaka mwenyewe, msikilize. Lakini usiifanye safari yake ya machungu kuwa kiingilio cha tuzo. Muulize ameanzaje mradi, nini kilimshinda, anahitaji nini. Tena, kabla ya kuchapisha jina au sura yake, mpe muda wa kufikiri. Wapo wenye ndugu waliobaki walikotoka, na picha moja mtandaoni inaweza kuwafikia watu wasiopaswa kuiona. Akisema hapana, tuzo ibaki yake vilevile.

Suala la safari ndilo huwaumiza wengi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi zitoe hati ya kusafiria kwa wakimbizi wanaoishi humo kihalali. Kuipata ni shughuli nyingine, na visa ni nyingine tena. Katika baadhi ya nchi, kutoka kambini tu kunahitaji kibali. Nimemwona mshindi akifuatilia sherehe yake mwenyewe kupitia simu iliyokuwa ikikatakata, huku kiti chake ukumbini kikiwa kitupu. Anzeni makaratasi miezi mingi kabla, au, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, ipelekeni sherehe anakoishi. Hapo wazazi, walimu na viongozi wa jamii watamsikia akisifiwa, na kesho yake akiomba chumba cha darasa hatazungushwa.

Kuhusu fedha, uliza mapema zitampitia wapi. Si kila mkimbizi anaweza kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu kwa jina lake. Kama lazima zipitie shirika jingine, andikianeni: kiasi gani, lini, nani anaidhinisha. Sehemu ya fedha hizo iwe posho yake na ya wenzake, maana kujitolea bila malipo kuna mwisho, na vijana hawa wana familia zinazowategemea. Kitangazeni kiasi mbele ya kikundi kizima, kama yeye ameridhia. Fedha za siri huzaa fitina, nami nimeona kikundi kizuri kikivunjika kwa uvumi tu wa kwamba kiongozi amelipwa mamilioni.

Mpe pia barua rasmi yenye muhuri, inayoeleza kazi aliyoifanya. Ataionyesha kwa mamlaka za kambi, kwa wafadhili, na kwenye maombi ya chuo. Halafu mwalikeni kwenye vikao vinavyopanga bajeti ya elimu au afya pale kambini, akiwa na haki ya kusema na kuulizwa. Makubaliano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi ya mwaka 2018 yanataka vijana washirikishwe kwa dhati. Kumsomea ajenda iliyokwisha kuamuliwa hakumshirikishi.

Waliokosa nao wapigiwe simu mmoja mmoja, waelezwe kilichopungua kwenye maombi yao na mlango mwingine wa kugonga. Wengi wao watakuwa kazini wiki hiyohiyo.